Kauboi za Kiitalia: mbinu zipi bado zinafanya kazi, na unazipigaje kwa kamera ndogo?

Mkato_wa_Tatu

Wakuu, salaam. Swali langu ni kuhusu kauboi za Kiitalia, yaani filamu za kauboi zilizotengenezwa na Waitalia, zile za Sergio Leone, Sergio Corbucci na wenzao. Alama zake bado zipo kila kona: kwa Tarantino, kwenye The Mandalorian, kwenye filamu za Kihindi. Lakini pambano lile la mwisho, macho, mkono, macho, bastola, watu wengi wakiliiga linatoka jepesi kama tamthilia ya jioni. Mikato ipo, uzito haupo.

Naandaa pambano la watu watatu wasiosema neno, siku moja ya kazi, kwenye machimbo ya kokoto. Kamera ni ya sensa ya APS-C, inarekodi 4K, lenzi ni ya milimita 18–55 na nyingine ya 85. Je, ile picha pana inadai lenzi ya anamofiki, ile inayobana picha pana ili ienee kwenye fremu? Sauti nirekodi palepale au baadaye? Na muziki utangulie au ufuate?

Fremu_Pana

Mkuu, neno anamofiki lifute kabisa. Zile tatu za dola za Leone (A Fistful of Dollars ya 1964, For a Few Dollars More ya 1965, The Good, the Bad and the Ugly ya 1966) na Once Upon a Time in the West ya 1968 zote zilipigwa kwa lenzi za kawaida. Mfumo uliitwa Techniscope, kazi ya Technicolor ya Roma. Mkanda wa milimita 35 una matundu pembeni, na kwa kawaida fremu moja hula matundu 4. Techniscope ilikula 2 tu. Fremu ikatoka fupi na pana, kama 2.33 kwa 1, kisha maabara ndiyo iliyoikuza kuwa nakala ya anamofiki ya kuonyeshea ukumbini. Mkebe wa futi 400, ambao kwa fremu 24 kwa sekunde huisha ndani ya dakika 4 na sekunde 26, hapo ulikwenda karibu dakika 9. Nusu ya gharama ya mkanda iliokolewa.

Hasara zilikuwepo. Fremu ndogo ikikuzwa inatoa chengachenga, na unywele ukinasa kwenye dirisha la kamera unaingia moja kwa moja kwenye picha, maana nafasi kati ya fremu na fremu ni ndogo mno.

Faida yake ndiyo inayokuhusu. Upana ambao anamofiki huupata kwa lenzi ya 50, Techniscope iliupata kwa 25, na lenzi fupi inashika cha karibu na cha mbali kwa pamoja. Tena anamofiki za wakati ule zilikuwa hazitaki kusogezwa karibu na uso. Ukizilazimisha zinavimbisha mashavu. Ndiyo maana Leone aliweza kuweka uso mzima mbele na mtu mdogo kule nyuma jangwani, wote wawili wanaonekana bila ukungu.

Kwako wewe: weka lenzi kwenye 24, tundu f/11, fokasi mita 2.6. Kuanzia mita 1.3 hadi upeo wa macho kila kitu kitakaa sawa. Kwenye jua kali, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100 na shata 1/50 ya sekunde, utahitaji filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya hatua 2; kila hatua hupunguza mwanga nusu. Kama kamera inarekodi log (picha iliyofifizwa makusudi ili rangi zirekebishwe baadaye) na haishuki chini ya ISO 800, hatua 5. Asiye na filta hupandisha shata hadi 1/500, kisha anashangaa mkono unaochomoa bastola unarukaruka. Na usifungue lenzi hadi f/1.8 ukidhani ndiyo "usinema". Uso wa Leone hauko peke yake, umewekwa dhidi ya ardhi. Ukiyeyusha ardhi, umetupa nusu ya picha.

Umbo: ili upate 2.35 kwa 1, katika 3840 × 2160 utabakiza mistari 1634 ya katikati. Juu na chini inapotea 263 kila upande, sawa na asilimia 12. Washa alama za fremu kwenye kioo, au bandika utepe mweusi. Ukikata nyumbani bila kuwa na alama, vinavyoondoka kwanza ni kofia na mikono, na mikono ndiyo pambano lenyewe.

Buti_na_Kokoto

Kwenye sauti jibu ni baadaye, na Waitalia wenyewe walifanya hivyohivyo. Clint Eastwood alisema Kiingereza, Gian Maria Volonté Kiitaliano, wengine Kihispania, kisha sauti zote zikaingizwa studio. Kwa sababu hiyo hakuna sauti hata moja iliyomo kwa bahati. Kila unachosikia, mtu aliamua kukiweka.

Isikilize stesheni ya mwanzo wa Once Upon a Time in the West, ile ya 1968. Wauaji watatu wanasubiri treni, zaidi ya dakika 10, karibu hakuna neno na hakuna muziki. Kinu cha upepo kinalia kwa kukosa grisi. Tone la maji linamwangukia Woody Strode, mmoja wa wauaji, kichwani; anavaa kofia, na tone lilelile linabadilika mlio. Mashine ya telegrafu inatatarika, Jack Elam, muuaji mwingine, anang'oa waya, na hapo ndipo unagundua ilikuwa inakukera. Nzi anatembea usoni mwake, anamnasa ndani ya mtutu wa bastola, anaweka sikio kusikiliza anavyovuma. Sauti moja inakaa mbele, inamaliza kazi yake, inampisha mwenzake. Wengi wetu tunakosea hapo: upepo, ndege, buti na ngoma tunavipanga vyote juu ya meza kwa wakati mmoja.

Chagua sauti 4, zisizidi. Siku ya kupiga, rekodi dakika 2 za hewa ya pale machimboni, watu wote wametulia. Utazihitaji chini ya pambano zima, kwa sababu ukimya mtupu wa kompyuta husikika kama kifaa kimeharibika. Buti zifanye ndani: trei ya mita 1 kwa sentimita 60, kokoto kina cha sentimita 6, chini yake blanketi lililokunjwa ili sakafu isivume, maiki umbali wa sentimita 40. Kwa kipimo cha dB, ambapo 0 ndiyo kilele cha sauti, hewa iache kwenye −38 hivi, buti ziguse −18, mlio wa risasi ufike −6. Nusu sekunde kabla ya risasi, shusha hata ile hewa. Risasi haihitaji kuongezwa nguvu, inahitaji kilichotangulia kipungue.

Jambo dogo linaloharibu kazi nyingi: kwa fremu 25, fremu moja ni milisekunde 40. Kishindo cha buti kikitangulia picha, sikio linakataa mara moja. Kikichelewa fremu moja, linasamehe. Kiweke pale kisigino kinapogusa, au fremu moja nyuma yake.

Saa_ya_Mfukoni

Muziki utangulie, tena sana. Kwa ile ya 1968 Ennio Morricone, mtunzi wa muziki wa Leone, alikwishaandika na kurekodi mada kuu kabla kamera hazijawashwa, na zikapigwa pale pale waigizaji wakicheza. Claudia Cardinale anapotoka stesheni, kamera inapanda juu ya paa na mji unafunguka: mwendo ule wa kreni unapanda na sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso.

Lakini somo bora kwa mwenye bajeti ndogo liko kwenye ile ya 1965. Indio, jambazi wa filamu hiyo, ana saa ya mfukoni yenye mlio wa muziki, na sharti lake ni moja: mlio ukiisha, chukua bastola. Muziki umo ndani ya hadithi. Wanaopambana wanausikia, mtazamaji anausikia, wote wanahesabu pamoja. Mlio unazidi kupungua kasi na hakuna anayehitaji kuelezwa kinachokuja. Kisha saa ya pili inalia, na mizani yote inageuka. Mpe mmoja wa watu wako kitu chenye sauti inayokwisha, hata kama ni redio inayoishiwa betri.

Kwa mikato, tumia mapigo 75 kwa dakika. Kwa fremu 25 kwa sekunde, pigo moja ni fremu 20 kamili. Anza na picha za fremu 160, shuka 80, 40, 20, mwishoni 10. Usikate juu ya pigo kila mara, itakuwa cherehani. Kata fremu 2 au 3 kabla, ili jicho liwe limeshafika pigo linapodunda. Na ukubwa wa picha upungue pamoja na urefu wake. Kwenye makaburi ya Sad Hill, filamu ya 1966, tunaanzia mbali kabisa, watu wadogo ndani ya duara la mawe, na ni baada ya muda mrefu ndipo tunafika kwenye macho. Anayeanza na macho hana tena pa kwenda.

Lile duara halikuwa pambo. Wanajeshi wa Hispania walijenga makaburi yapatayo 5,000 huko Burgos kulizunguka, na popote kamera ilipogeuka nyuma palikuwa na misalaba. Wewe chukua kamba ya mita 6, chora duara, weka alama tatu zenye nafasi sawa: watu wataachana mita 10.4. Kila mmoja ana watu wawili wa kutazama, kwa hiyo piga kila ukubwa mara mbili, akitazama kushoto na akitazama kulia. Watu 3, mitazamo 2, ukubwa 3: tayari picha 18, bado mikono 3 na pana 2. Ukisahau mtazamo mmoja, chumba cha uhariri hakitakuokoa. Haitajulikana nani anamwangalia nani.

Picha zote zinazoonyesha ardhi zipige ndani ya saa 2, vivuli visije vikahama. Macho acha ya mwisho, hayana ardhi.

Mkato_wa_Tatu

Nashukuru sana, wakuu. Nimebakiwa na zumu ya ghafla, ile picha inaruka hadi usoni. Hiyo nayo ni ya Leone?

Fremu_Pana

Hiyo iko zaidi kwa Corbucci, mwenye Django ya 1966, na mwongozaji Tarantino alipoiweka kwenye Django Unchained (2012) alikuwa akimlipa Corbucci heshima yake. Madeni haya yana mnyororo: Leone naye alichukua hadithi ya 1964 kwa Yojimbo ya Mjapani Kurosawa (1961), wenye filamu wa Japani wakadai, wakalipwa.

Sholay, filamu ya Kihindi ya 1975 iliyoongozwa na Ramesh Sippy, ndiyo njia ambayo wengi wa pwani yetu walikutana na mtindo huu. Tazama Gabbar, jambazi wake, anavyoingia: buti juu ya mwamba, mkanda unaburuzwa, kamera iko chini, uso unacheleweshwa. Mauaji ya familia ya Thakur, adui wa Gabbar, nayo yana damu ya ile ya 1968. Lakini Sippy hakunakili kofia na vumbi la Almería, kule Hispania walikopigia Waitalia, alichukua namna ya kusubirisha.

Kuhusu zumu yako: 18–55 ya picha za mnato haishiki fokasi ukivuta, na tundu lake hujifunga lenyewe kutoka 3.5 hadi 5.6, picha inaingia giza katikati ya mruko. Kwa f/11 matatizo yote mawili yanapungua sana. Weka fokasi ukiwa 55, rudi 18, kisha zungusha kwa mkono ndani ya fremu 8 hadi 12. Bandika utepe kwenye pete kama kizuizi, usipite uso. Fanya mara 6, na usiipige kwa wote watatu. Mpe yule mmoja anayegundua kwamba bastola yake haina risasi.