Wamechukua jina letu UHURA, halafu wakamweka dada wa watu apokee simu!

Wakuu, leo nina hasira na jinsi wanawake weusi wanavyodharauliwa kwenye hadithi na filamu za kisayansi, mtanivumilia.

Jumamosi nimeingia duka moja la vitabu hapa mjini kumtafutia binti yangu hadithi za kisayansi. Namuuliza muuzaji, vya Octavia Butler mnavyo? Hata hakufikiri, akaninyooshea kidole rafu ya mapenzi. "Vya akina mama viko kule." Nikabaki namtazama.

Huyo Butler, mwandishi mweusi wa Marekani, mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani kule Pasadena, California. Binti akaandika mpaka 1995 akawa mtunzi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kupewa tuzo ya MacArthur, ile ya Marekani ya watu wenye vipaji vikubwa. Sasa oneni dharau: 1987 anatoa riwaya yake Dawn, mhusika mkuu Lilith, mwanamke mweusi, mle ndani imeandikwa wazi. Wachapishaji wakaweka nani kwenye jalada? Mzungu! Mweupe pee! Ina maana aliyechora hakusoma, au alisoma akaona huyu hauziki?

Na asije mtu hapa na "hayo ya zamani". Tuzo ya Hugo, ile kubwa ya hadithi za kisayansi, ipo tangu 1953. Mweusi wa kwanza kushinda kwa riwaya bora ni N. K. Jemisin, 2016. Akarudia 2017, akarudia 2018, mara tatu mfululizo, hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Bado wakapatikana wa kusema kabebwa.

Ila kinachonichoma hasa ni Uhura wa Star Trek, ule mchezo wa TV wa Marekani wa chombo cha anga. Uhuru wetu huu huu, wakabadilisha herufi ya mwisho, 1966 wakampa mwigizaji mweusi Nichelle Nichols. Nakubali, kwa Marekani ya wakati ule mweusi kukaa na wakubwa wanaoongoza chombo lilikuwa jambo zito. Alipotaka kuacha, Martin Luther King mwenyewe ndiye aliyemsihi abaki. Lakini kazi yenyewe? Kidude sikioni, "Kapteni, kuna ujumbe wako." Basi! Kapteni mwenyewe, Kirk, tulijua mapema kuwa ni James. Yeye jina lake la kwanza, Nyota, nalo la kwetu, limekuja kutamkwa kwenye filamu 2009. Miaka 43!

Binti kaniuliza mbona nimerudi mikono mitupu. Mwenye Dawn ya kuazima aje inboksi. Kama jalada limechanika, ndiyo vizuri zaidi.