PH 5 ya zamani au Orient ya shaba: nichukue ipi?

BintiKisauni (Malmö)
Assalamu alaikum. Nimepata taa mbili za kuning'inia za zamani, zote zinauzwa na watu binafsi huko Copenhagen, na uwezo wangu ni wa kununua moja tu. Ya kwanza ni PH 5, ambayo Poul Henningsen aliibuni mwaka 1958 kwa kampuni ya Louis Poulsen. Ya pili ni Orient ya shaba nyekundu yenye kichwa cha mbao, aliyoibuni Jo Hammerborg mwaka 1963 kwa kampuni ya Fog & Mørup. Wauzaji wamenipa hadi Jumamosi. Naomba ushauri wenu.

FundiWaGöteborg
Waalaikum salaam. Hujataja bei, hujasema dari ina kimo gani wala kama taa itakaa juu ya meza, na picha hukuweka. Taa hizi mbili hazifanyi kazi moja. Orient ni kama kengele: mwanga wote unashuka chini na chumba kinabaki kizakiza. PH 5 humwaga mwanga chini na pembeni, na ukiwa umekaa mezani huioni balbu yenyewe hata uinamishe kichwa vipi.

MzeeWaOdense
Mimi ningeziacha zote mbili nikatafuta Le Klint 172, ambayo Poul Christiansen aliibuni mwaka 1971. Ni karatasi ya plastiki nyeupe iliyokunjwa kwa mkono, ni nyepesi, na haina rangi ya kuchubuka. Najua mtasema mzee huyu haachi taa yake.

Shangazi_Aarhus
Mzee wangu, hujatuambia nani anayefuta vumbi katika mikunjo hiyo.

Dada, kabla hujatoa hata kroni moja, ichungulie PH 5 kwa ndani. Henningsen alipaka sehemu za ndani rangi nyekundu na buluu, kwa kuwa jicho la mwanadamu huona manjano na kijani kwa wepesi zaidi, naye alitaka kuzipa nguvu zile rangi mbili zilizo dhaifu. Mimi niliuziwa moja kwa maneno kwamba haijaguswa tangu itoke kiwandani. Nilipoiwasha nyumbani, meza yangu ikawa kama meza ya zahanati. Nilipanda kiti, nikafungua skrubu, nikakuta ndani kote ni kweupe. Kando ya skrubu moja tu rangi ilikuwa imebanduka kiasi cha punje ya mchele, na chini yake palikuwa pekundu. Mtu aliipulizia rangi nyeupe ili ionekane mpya! Waya nao ulikuwa umekauka, na nilipoukunja kidogo ulipasuka kama ganda la kitunguu. Muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja. Fundi alibadilisha waya na soketi, lakini ile rangi nyeupe alikataa kuigusa, akisema kwamba akiikwangua ataondoka na nyekundu pia.

MwanaWaLamu
Basi achukue Orient. Shaba haidanganyi, na ikififia anaisugua kwa ndimu na chumvi kama tulivyosugua masinia nyumbani.

FundiWaGöteborg
Tafadhali asifanye hivyo. Wanunuzi wengi wa taa hizi huupenda ule weusiweusi wa shaba ya zamani, na kama shaba ilipakwa vanishi, ndimu itaacha mabaka. La muhimu zaidi ni waya: taa ya metali ya miaka hiyo isiwekwe darini kabla fundi mwenye leseni hajaikagua.

MwanaWaLamu
Kwetu shaba iliyofifia siku ya Idi ilikuwa aibu ya mwenye nyumba. Leo naambiwa niilipie zaidi?

MzeeWaOdense
Kuhusu PH 5 nitakubali jambo moja. Henningsen alikulia kwenye mwanga wa taa ya mafuta, na ninyi mliosomea kwenye kandili mtaelewa alichokuwa akikitafuta. Tena aliibuni taa hiyo baada ya kuchoshwa na watengenezaji wa balbu waliokuwa wakibadilisha maumbo kila mara, hivyo ikafanywa ikubali karibu balbu yoyote. Hata ya LED itafaa, ila achague yenye mwanga wa joto, yaani wa manjano kidogo, ulioandikwa kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga).

BintiKisauni
Nawashukuru nyote. Kila moja ni kroni 3,500 za Denmaki, na picha sina, kwa sababu nimeziona kwenye matangazo tu. Meza haipo. Taa ni ya kibaraza cha ndani cha kuingilia, na dari yake ina sentimita 240.

Shangazi_Aarhus
Kibaraza cha kuingilia! Dada, jambo hilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza. PH 5 ina upana wa sentimita 50 na kimo cha karibu sentimita 28. Ongeza waya, hata uwe mfupi namna gani, na ukingo wa chini utakuwa kwenye mita mbili tu. Taa za PH 5 zimebuniwa zining'inie kama sentimita 60 juu ya meza, ambapo hakuna apitaye.

MzeeWaOdense
Le Klint ni plastiki. Akiigonga haumii.

FundiWaGöteborg
Mumeo ana urefu gani?

BintiKisauni
Sentimita 191. Lakini Jumamosi nitavuka daraja la kwenda Copenhagen vivyo hivyo, na bisibisi nitaibeba.