Je, Gouraud aliyemkamata Samori Touré ndiye huyohuyo wa Syria na Lebanon?

Mwalimu wa Gangilonga (Iringa)

Wadau wa historia, salaam. Ninafundisha historia kidato cha tano na cha sita hapa Iringa mjini. Kila tunapofika kwenye mada ya upinzani dhidi ya ukoloni, wanafunzi wangu humweka Mtwa Mkwawa wa Wahehe bega kwa bega na Samori Touré wa Afrika Magharibi, nami siwapingi, kwa kuwa wote wawili walipigana kwa miaka mingi na wote wawili walifikia mwisho wao mwaka 1898. Mkwawa alijipiga risasi kule Mlambalasi tarehe 19 Julai ili asikamatwe akiwa hai, na Samori akatiwa mbaroni tarehe 29 Septemba, yaani siku 72 baadaye.

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Kitabu chetu kinasema aliyemkamata Samori ni Kapteni Gouraud wa jeshi la Ufaransa, na yeye alikuwa amesoma mahali pengine kwamba Jenerali Gouraud ndiye aliyetangaza kuundwa kwa Lebanon Kuu mwaka 1920. Alitaka kujua kama huyo ni mtu mmoja au ni watu wawili wa ukoo mmoja. Tom von Prince, afisa wa Kijerumani aliyepigana na Mkwawa, tunamfahamu vizuri huku, kwa sababu watoto wa Uhehe hukua wakilisikia jina lake la Sakarani, lakini huyu Mfaransa tunamtaja kwa mstari mmoja tu kisha tunampita. Naomba mwenye kuyajua maisha yake anisaidie, maana nimemwahidi mwanafunzi jibu kamili.

Mzee wa Uyole (Mbeya)

Mwalimu, pole na kazi. Huyo ni mtu mmoja. Henri Gouraud alizaliwa Paris tarehe 17 Novemba 1867, akasomea uafisa katika chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr, na mwaka 1894 akapelekwa Sudani ya Kifaransa, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Mali. Uwaonyeshe wanafunzi mwaka huo, kwa sababu ndio mwaka ambao Wajerumani waliivunja ngome ya Mkwawa kule Kalenga, tarehe 30 Oktoba. Wakati Mkwawa anaingia msituni kuanza miaka yake minne ya kuwindwa, kijana huyu wa miaka ishirini na sita alikuwa ndiyo kwanza anaanza kazi yake upande wa pili wa bara.

Kumkamata Samori ndiko kulikompa jina. Alirudi kwao akiwa mtu maarufu, akapandishwa cheo, kisha akarejeshwa Afrika mara kwa mara: Niger, Chad, halafu Mauritania, ambako mtangulizi wake Xavier Coppolani alikuwa ameuawa kule Tidjikja mwaka 1905. Gouraud alipokabidhiwa nchi hiyo aliongoza msafara wa kijeshi hadi Adrar, akauteka mji wa Atar Januari 1909. Baadaye akawa Moroko chini ya Jenerali Lyautey, na mwaka 1912, baada ya mapigano ya kuuokoa mji wa Fez uliokuwa umezingirwa na makabila yaliyoasi, akapewa ujenerali akiwa na umri wa miaka 44.

Tazama jambo hili kwa makini, Mwalimu. Karibu kila ngazi aliyopanda aliipandia juu ya ardhi ya Kiafrika. Ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza, Ufaransa ilimwita nyumbani mtu aliyejifunza vita Afrika, ikamkabidhi majeshi makubwa ya Ulaya. Mwaka 1915 alipelekwa Gallipoli kupigana na Waturuki, na huko, tarehe 30 Juni, kombora lilimjeruhi vibaya hata mkono wake wa kulia ukakatwa. Picha zake zote za baadaye zinaonyesha shati la kijeshi lenye mkono mtupu. Hata hivyo alirudi vitani kabla ya mwaka kwisha, akaliongoza Jeshi la Nne katika jimbo la Champagne.

Pale Champagne, tarehe 15 Julai 1918, ndipo alipopata sifa yake kubwa kama kamanda. Wafungwa waliokamatwa usiku uliotangulia walifichua saa ambayo Wajerumani wangeshambulia. Gouraud alikuwa ameshawaondoa askari wake wengi katika mahandaki ya mbele na kuacha wachache tu wa kutoa ishara, hivyo mizinga ya Wajerumani ikayapiga mahandaki yaliyokuwa karibu matupu, na askari wao waliposonga wakakutana na safu imara nyuma yake. Shambulio lile lilizimwa siku ileile. Sipendi alichofanya Afrika, lakini mwanafunzi wa historia asimwone kama mtu aliyebebwa na bahati. Alikuwa mwanajeshi hodari.

Binti wa Mafinga

Shikamoo Mzee, nami naomba kuongeza kuhusu kule kukamatwa, kwa sababu vitabu vingi hukisimulia kisa hicho kana kwamba Gouraud alimshinda Samori, na mimi naona hilo linamdhulumu Samori.

Samori alipigana na Wafaransa tangu miaka ya 1880. Wahunzi wake waliweza kutengeneza bunduki kwa kuiga zile za Ulaya. Alipopoteza Kankan mwaka 1891 na makao yake ya Bissandougou mwaka 1892, aliihamisha dola yake yote kuelekea mashariki, akiteketeza nyuma yake mashamba na vijiji ili adui asikute chakula. Hapo tuseme ukweli wote mbele ya wanafunzi: waliounguliwa na mashamba walikuwa wakulima Waafrika, na mji wa Kong, uliokuwa kitovu cha biashara na elimu ya Kiislamu, aliubomoa yeye Samori mwaka 1897. Ndiyo maana katika Kodivaa ya leo kuna watu ambao jina lake halitajwi kwa furaha kama linavyotajwa Guinea.

Mwaka 1898 milango ilianza kumfungia. Tarehe 1 Mei Wafaransa waliuteka mji wa Sikasso, na mfalme wake Babemba akamwamuru mlinzi wake amuue kuliko kushikwa. Samori akageuka kuelekea magharibi, upande wa Liberia, akiwa na maelfu ya watu, wakiwemo wanawake na watoto, katika milima yenye misitu wakati wa mvua nyingi. Njaa iliwamaliza na askari wakaanza kumtoroka. Gouraud alipewa kikosi kidogo kumfuatia. Alipata habari za kambi kutoka kwa hao waliotoroka, akaingia Guélémou asubuhi ya tarehe 29 Septemba, akamkamata pasipo vita. Lilikuwa tendo la ujasiri, sikatai, ila aliyevunja jeshi la Samori ni njaa.

Halafu kuna jambo linaloniuma kila nikilifikiria. Mkwawa alifanikiwa kuwanyima Wajerumani ile furaha ya kumshika. Samori, alipofikishwa Saint-Louis nchini Senegal na kuelezwa kwamba atapelekwa uhamishoni, alijaribu kujiua naye, lakini akaokolewa. Akapelekwa Gabon, akafia Ndjolé tarehe 2 Juni 1900.

Mpenda Ramani (Njombe)

Nashukuru kwa maelezo hayo. Sehemu ya Syria mniachie mimi, kwa kuwa ndiyo iliyoulizwa na mwanafunzi.

Mwishoni mwa mwaka 1919 Gouraud alifika Beirut akiwa Kamishna Mkuu wa Ufaransa. Huko Dameski, Machi 1920, Waarabu walikuwa wamemtangaza Faisal kuwa mfalme wao, naye Gouraud akamtumia masharti tarehe 14 Julai: avunje jeshi lake na akubali utawala wa Ufaransa. Faisal alikubali, lakini majeshi ya Ufaransa yakasonga vilevile. Tarehe 24 Julai, kwenye njia ya milimani ya Maysalun, waziri wa vita Yusuf al-Azma aliwakabili akiwa na jeshi dogo pamoja na raia waliojitolea, huku akijua kwamba hawezi kushinda, akauawa palepale. Ninaposoma habari zake namkumbuka Mkwawa kabla ya kumkumbuka Samori.

Sasa wanafunzi waulizwe: ni nani waliobeba bunduki upande wa Ufaransa siku ile? Wengi walikuwa Waalgeria, Wamoroko na wale askari walioitwa Wasenegali, ambao kwa kweli walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi yote ya Kifaransa. Inawezekana kabisa kwamba miongoni mwao walikuwemo wajukuu wa watu waliopigana chini ya Samori. Nasi tusijitenge na jambo hilo, kwa maana majeshi ya Wajerumani yaliyokuja Uhehe nayo yalijaa askari weusi.

Tarehe 1 Septemba 1920 Gouraud alisimama Beirut akatangaza Lebanon Kuu, na Syria iliyobaki ikagawanywa vipande: dola ya Dameski, dola ya Aleppo na eneo la Waalawi. Mtindo wa kugawa watu kwa madhehebu na kumtafuta mkubwa wa kila kundi alikuja nao kutoka Afrika. Maafisa wa Sudani na Moroko walikuwa wameuzoea kwa miaka mingi. Juni 1921 watu walimvizia njiani karibu na Quneitra wakaifyatulia risasi gari yake, akanusurika. Aliondoka Syria baada ya miaka mitatu, akawa gavana wa kijeshi wa Paris kuanzia 1923 hadi 1937.

Mwalimu wa Gangilonga (Iringa)

Mmenisaidia kuliko nilivyotarajia, na nitawasomea wanafunzi majibu haya yote, pamoja na lile la Binti wa Mafinga kuhusu Kong, ingawa najua litazua ubishi mkubwa darasani. Swali moja la mwisho: aliishi hadi lini, na alizikwa wapi? Nauliza kwa sababu tunapanga kuwapeleka wanafunzi Kalenga, na huko habari ya mabaki ya wafu haikwepeki.

Mzee wa Uyole (Mbeya)

Alifariki Paris tarehe 16 Septemba 1946, miezi mitano baada ya askari wa mwisho wa Ufaransa kuondoka Syria. Alizikwa chini ya mnara wa Navarin kule Champagne, pamoja na mifupa ya maelfu ya askari waliokufa huko, kama alivyotaka mwenyewe.

Fuvu la Mkwawa, kama unavyojua, lilirudishwa na Gavana Twining mwaka 1954, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuagiza lirudishwe, na liko hapo Kalenga. Mabaki ya Samori yaliondolewa Gabon na kurejeshwa Guinea mwaka 1968, wakati wa Rais Sékou Touré, aliyejitambulisha kuwa wa uzao wake. Yako Conakry.