Nimegawa chupa 1,800 za asali bure kwa hoteli kubwa ili nipate jina. Jina sijaliona, mtaji umekwenda

Wakuu, donge hili ninalo kooni tangu Februari, leo nalitoa.

Mimi napakia asali. Naichukua Sikonge, Tabora, kwa mzee mmoja anayeingia porini kurina na kukaa huko wiki nzima. Inafika Dar kwenye ndoo za lita 20, nachuja, napakia. Nembo ya TBS (Shirika la Viwango) ninayo. Msimbo wa kuskani unaoanza na 620, wa Tanzania, ninao. Kipimo cha maji yaliyomo kwenye asali kinasoma asilimia 18, na kiwango kinaruhusu mpaka asilimia 20. Lakini kila nikibisha hodi kwenye ofisi ya maana naulizwa swali moja: "Nani mkubwa unamuuzia?"

Mwaka jana kwenye semina ya wajasiriamali mkufunzi akatuambia dawa yake ni kuwapa bidhaa bure wenye majina, kisha unaandika kwenye tangazo lako kwamba unawahudumia, na wengine watakufuata. Nikamwamini.

Nikaenda hoteli moja kubwa hapa mjini, siitaji. Bwana wa manunuzi akanikaribisha, akaonja, akasifia. "Kijana, tuletee sampuli za miezi mitatu, wageni wakiipenda tunakaa mezani tunaongea mkataba." Chupa 600 kwa mwezi, zile ndogo za gramu 30 anazowekewa mgeni mmoja mezani.

Hebu pigeni hesabu na mimi. Chupa 1,800 ni kilo 54 za asali. Ndoo ya lita 20 inabeba kama kilo 28 (asali ni nzito, msiifananishe na maji), kwa hiyo ni karibu ndoo mbili, laki nne. Hiyo ndiyo sehemu nafuu. Kilichoniua ni chupa zenyewe: kioo na kifuniko chake ni 700, mara 1,800 ni 1,260,000. Lebo 180,000. Bajaji ya kupeleka mzigo sihesabu. Karibu milioni mbili, na mimi mtaji wangu wote haufiki milioni tano. Yule mzee wa Sikonge nililipa kwa awamu, msimu ambao mwanawe alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Hilo linaniuma kuliko fedha.

Mwezi wa pili nikapeleka mzigo mwenyewe asubuhi, saa moja na nusu, kifungua kinywa kimepamba moto. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Vijana wawili wamesimama kwenye sinki, wanafungua chupa zangu moja moja, wanamimina asali kwenye bakuli kubwa la kioo, lebo wanazitupa kwenye pipa pamoja na maganda ya mayai. Nikauliza kwa upole. Mmoja akanijibu, "Kaka, tumeambiwa mezani pasikae jina la mtu." Mgeni anakula asali yangu bila kujua ni ya nani! Sasa nilikuwa nampa nani bidhaa, na kwa faida gani?

Nikaomba basi barua ya mistari miwili tu, kwamba kampuni yangu imewaletea asali na imewaridhisha. Sera hairuhusu. Nembo yao kwenye tangazo langu? Hairuhusiwi, na nikiweka watanichukulia hatua. Mwezi wa nne nikapeleka invoisi, 2,500 kwa chupa. Yule bwana kahamishwa, nimemkuta dada mgeni kabisa, na faili langu hana. Kanitazama akasema, "Mbona hii tulikuwa tunapata bure?"

Nilishindwa kumjibu.

Na hapa ndipo nataka vijana wenzangu wasome vizuri, maana huu ushauri unauzwa kila semina. Kitu cha bure hakiachi karatasi. Nilipokwenda supamaketi moja nikajisifu kwamba naipelekea hoteli fulani asali, meneja akasema, "Nionyeshe LPO," yaani hati ya oda ya mnunuzi. Sina. Benki nao nilipoomba mkopo wa mashine ya kujazia wakataka kuona fedha zinazoingia kwenye akaunti. Hakuna iliyoingia. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haipo kwa sababu hakuna mauzo. Nilichonacho ni dilivari tatu zilizosainiwa na mlinzi wa getini, zimeandikwa "SAMPULI, BILA MALIPO". Ukimpelekea mtu karatasi hiyo anaona jambo moja tu, kwamba bidhaa yako bado haijapata mtu wa kuitolea fedha. Afadhali ningeuza katoni tano kwa duka la mtaani la Tabata, nikakata risiti.

Tena hao wakubwa wanajua. Hoteli ile mchele hawapewi bure, gesi hawapewi bure, umeme wananunua. Ni sisi wadogo tu ndio tunaambiwa tulete "tuone". Sampuli ni chupa mbili, tatu, za kuonja na kupima. Miezi mitatu ya kulisha wageni wanaolipia chumba na chai ni unyonyaji, na anayemwomba mjasiriamali mdogo kitu hicho anajua kwamba huyo mdogo ana njaa ya jina.

Wiki iliyopita yule dada kanipigia. Wana mkutano mkubwa, anataka chupa 600, "kama kawaida". Nimemtumia bei na kumwambia naleta baada ya LPO na nusu ya malipo. Mpaka sasa kimya.

Sasa naomba msaada kwa waliofika mbele yangu. Jumatatu nina miadi na kampuni inayopeleka watalii mbugani, na kwenye simu tayari wamelitaja neno sampuli. Kuna mtu amewahi kumsainisha mkubwa makubaliano kabla ya kutoa hata chupa moja, yenye idadi, tarehe ya mwisho na ruhusa ya kutaja jina lake? Mliandikaje, na alikubali? Mwenye nakala anitumie PM, afute majina yao.