Wauza vipodozi wa Mombasa, hizi seti za springi mnatuuzia nini hasa??

Naandika hii na hasira na simung'unyi maneno. Tangu Machi iingie kila nikifungua simu ni "springi glow", "ngozi mpya ya springi", "seti ya springi ofa mwisho Ijumaa", na picha ni mzungu yuko katikati ya maua amevaa koti. Jamani springi ya wapi? Huko Ulaya na Marekani mwezi huo ndio wanatoka kwenye baridi, ngozi zimekauka kwa hita na upepo, zinabanduka, ndio kampuni zao zinawatolea krimu nyepesi na asidi za kutoa ngozi iliyokufa na vitamini C na blusha za rangi ya pichi. Kwao sawa, wana haja nazo. Sisi hapa Machi ndio joto limeshika koo, kaskazi inakata, masika bado, jua linapita juu ya utosi kabisa maana ndio wakati wake wa kuvuka ikweta, ukitoka Bondeni mpaka Marikiti kwa miguu ushalowa. Alafu mtu aliyezaliwa Kisauni anakuandikia ati uamshe ngozi yako kutoka kwa usingizi wa baridi. Baridi gani?

Lakini hilo la springi ningelimeza. Kilichonitoa roho ni VIKOPO.

Mdogo wangu kanunua seti kwa mmoja wa hawa wa mtandaoni, wale wa bei inboksi, dilivari kwa boda. Fondesheni na lipstiki zimekuja kwenye boksi zake vizuri. Seramu na krimu ya usiku, ambazo ndizo ghali, zimekuja kwenye vikopo vyeupe vya plastiki, juu stika ya waridi imeandikwa spring glow basi. Hakuna viungo, hakuna mtengenezaji, hakuna tarehe ya kuisha, alama ya KEBS, wale wa viwango vya bidhaa Kenya, hata usiulize, hata ile picha ndogo ya kopo wazi yenye 6M au 12M inayokuambia ukifungua utumie kwa miezi mingapi haipo. Kapaka, uso ukawasha, akauliza kwa adabu kabisa, akajibiwa "ndio inafanya kazi mpenzi". Na kweli mwanzo akatakata, kila mtu mashallah mashallah. Baadae akitoka juani uso unawaka moto, mashavu yakaanza kubanduka, vipele, sasa kumeingia madoa meusi chini ya macho, na kwetu kuna harusi msichana hataki hata kufungua mlango.

Tukaenda kwa daktari wa ngozi. Daktari kauliza swali moja tu, ulipaka nini? Hatujui!! Yaani mtu ametoa pesa, amepaka usoni, ameumia, na hakuna anayeweza kumwambia daktari ni kitu gani kile. Nikamuandikia muuzaji, dada naomba tu jina la hio krimu au picha ya chupa ulikopimia, pesa kaa nayo. Akanijibu ati ngozi ya mdogo wangu ndio mbaya, kisha akanibloki.

Na msiniambie "itakuwa alitumia vibaya". Krimu inayotakatisha haraka hivyo bila jina, kuna vitu vinajulikana. Kuna hidrokwinoni, ukiipaka muda mrefu inakurudishia weusi wa bluubluu usiotoka, na hapa Kenya imekatazwa kwenye vipodozi. Kuna zebaki, hio inapita kwa ngozi inaenda mpaka kwenye figo, na kwenye kopo lililoandikwa utaiona kwa jina la calomel au mercurous chloride. Kuna klobetasoli ambayo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, ukijipaka ovyo usoni ngozi inakuwa nyembamba na vipele vinaota. Sisemi ya mdogo wangu ilikuwa na hiki au kile, siwezi kusema, na HILO NDILO LALAMIKO LANGU. Hata ingekuwa ni asidi ya kawaida tu ya dukani, asidi na retinoli, ile ya kuchubua ngozi ya juu ije mpya, zinafanya ngozi isistahamili jua, mwenye kuuza alitakiwa aseme paka usiku, asubuhi sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, kiwango cha kinga SPF 30 kwenda juu, na urudie kupaka maana kwa jasho la Mombasa haikai. Hakusema. Seti nzima ya ngozi, kwa jua hili, haina sanskrini ndani!

Madukani nako si afadhali sana. Unaingia duka pale mjini unataka fondesheni, rangi ni tatu, ya mwangaza, ya mwangaza kidogo, na ya chokoleti. Kampuni ya vipodozi ya Fenty Beauty walitoka na fondesheni za rangi 40 mwaka 2017, dunia nzima ikaona inawezekana, lakini hapa msichana wa duka ananipigia makadirio, "hii itakukaa dada". Naomba nipake kidogo kwenye taya nitoke nje niangalie kwa mwanga wa jua, kwa sababu ile taa nyeupe ya duka inadanganya, nakataliwa, kisha risiti imeandikwa mali ikiuzwa hairudi. Sasa nitajuaje? Nikifika nyumbani nimekuwa jivu, pesa imekwenda.

Bibi zetu walipaka liwa na dalia, na ule mti wa liwa ulikuwa unausugua wewe mwenyewe kwenye jiwe, unaona unachopaka. Mimi sisemi turudi huko, napenda vipodozi vipya napenda sana, nikiona rangi mpya ya lipstiki moyo unaruka. Nataka tu kujua ni nini.

Kwa hivyo wauzaji mlioko humu, nawajua mko wengi. Katiba ya Kenya kifungu cha 46 kinasema mnunuzi ana haki ya bidhaa ya kiwango, ya kupewa maelezo, na ya fidia akiumia. Kopo lisilo na jina halijafika hata nusu ya hapo. Leteni chupa nzima na boksi lake, kama ni kupima basi pima mbele yangu nipige picha ya maandishi. Na wanunuzi wenzangu, ile namba iliyo chini ya alama ya KEBS unaituma kwa 20023, unaanza na SM# kisha namba, unajibiwa bidhaa ni ya nani. Fanyeni kabla ya kutuma M-Pesa. Krimu mpya paka kwanza ndani ya mkono ungoje siku mbili.

Kama kuna mtu mwingine aliyenunua vile vikopo vyeupe vya stika ya waridi mwezi huu, aandike hapa chini amepata nini usoni, na kama bado anacho asikitupe. Cha mdogo wangu tunakipeleka KEBS Jumatatu, tukienda na vingi ni bora zaidi.