Natafuta kikundi cha kuacha pombe hapa Kampala, nianzie wapi?

Fundi_Kireka
Habari zenu ndugu. Naomba msaada na tafadhali msinicheke. Nina miaka 38, fundi wa magari, nakaa Kireka na familia. Kwetu Tororo nilianza na malwa, pombe ya ulezi, mrija mdomoni, wazee wanapiga stori, jioni mtu unarudi nyumbani vizuri. Siku hizi ni waragi, ile pombe kali, na naanza asubuhi kabla ya chai. Sacheti zilivyopigwa marufuku 2019 nikasema basi Mungu amenisaidia, kumbe nilihamia tu kwa kachupa ka mililita 200, kamoja kakawa tuwili.

Juzi binti yangu wa P.2 ameniletea kitabu cha homework nisaini, mkono ukatetemeka mpaka kalamu ikachana karatasi. Akakichukua taratibu akasema daddy wacha mama asaini. Tangu hapo usingizi hakuna.

Kuacha nimejaribu peke yangu mara nyingi, siku ya pili ya tatu narudi. Mahali fulani nilienda kuombewa wakanitaja jina mbele ya watu wote, sikurudi tena. Nasikia kuna vikundi vya watu wanakaa wanaongea. Ni vya wazungu? Wanalipisha? Na nikikuta mteja wangu huko je? Kiingereza changu ni cha gereji, Luganda naelewa kidogo tu.

MiakaMinne
Ssebo karibu, na hakuna wa kukucheka, hiyo kalamu hata mimi naijua. Mimi yangu ilikuwa kikombe, nilikuwa nashika kwa mikono miwili.

Unachotafuta ni AA, yaani Alcoholics Anonymous, Kampala ipo. Ndiyo, walianza wazungu, 1935 mji wa Akron kule Marekani, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, wote pombe imewamaliza, wakaona kwamba mlevi akikaa na mlevi mwenzake wakaambiana ukweli ile kiu inapungua. Sasa hiyo nayo ni ya wazungu? Malipo hakuna, kapu linapita mwenye buku anaweka, asiyenayo analipitisha kwa jirani na hakuna anayekuangalia. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha.

Siku yangu ya kwanza nilizunguka lile jengo mara tatu nikijifanya naongea na simu. Ndani nikakuta viti vya plastiki, chai, watu kama kumi, mzee mmoja amevaa suti na kijana wa boda na jaketi lake. Wanataja jina la kwanza tu. Niliambiwa si lazima kuongea, na sikuongea wiki tatu. Ukikuta mteja wako ujue na yeye amekuja kwa shida ileile, kinachosemwa pale kinabaki pale.

Pale kwangu wanachanganya Kiingereza na Luganda lakini mimi naongea Kiswahili changu na wananielewa. Angalia tovuti ya AA, halafu pigia simu kikundi kabla ya kwenda maana siku na saa zinabadilika. Ukifika tafuta mapema mtu wa kuwa sponsa wako, yaani aliyekutangulia kuacha, wa kumpigia saa ile kiu imekubana.

nesi_wa_zamu
Kaka fundi subiri kwanza. Mtu anayekunywa asubuhi na kutetemeka ASIKATE POMBE GHAFLA akiwa peke yake nyumbani. Mwili umeshazoea. Ndani ya siku mbili za kwanza unaweza kupata degedege, siku ya pili au ya tatu wengine wanaanza kuona vitu visivyokuwepo na hiyo hali inaua. Siku zako za kurudia pombe ni hizohizo, kwa hiyo usijiite dhaifu. Muone daktari kwanza, kuna dawa za kukutuliza na vitamini B1 inayolinda ubongo. Butabika, ile hospitali ya magonjwa ya akili hapa Kampala, wana wodi maalum ya pombe na madawa. Najua watu wakisikia Butabika wanawaza wazimu, lakini mimi nimeona mafundi, walimu, maafande wakiingia pale na kutoka na akili zao. Halafu AA ndiyo ikupokee ukitoka.

Mama_Wawili
Mimi ni mke wa mlevi, ameacha mwaka wa pili huu. Kaka usimsahau mkeo. Kuna Al-Anon, ilianza 1951, hiyo ni ya familia. Mimi nilianza na mikutano ya kwenye simu, usiku watoto wamelala, kamera nimezima, nalia tu. Nilikuwa nanusa vikombe na kuhesabu chupa, nilikuwa mgonjwa na sijaonja hata tone.

Fundi_Kireka
Nimerudi ndugu zangu, ni wiki ya tano. Nilimsikiliza nesi, nikalazwa siku nane, siku ya pili ilikuwa mbaya sana sitaki kuikumbuka. Jumanne nilienda mkutano. Nilipofika mlangoni miguu ikagoma, kuna mama mtu mzima akatoka akasema tu "mwanangu chai inapoa" nikaingia. Sikukuta mteja, nilikuta aliyenifundisha kazi ya gereji mwaka 2009. Tulishikana mikono hatukusema kitu. Ndiye sponsa wangu sasa.

Mama Wawili, hiyo mikutano ya kwenye simu ni siku gani? Mke wangu amesoma hapa na ndiye anauliza.