Ng'ombe ana homa siku ya tatu, OTC haijasaidia. Naombeni ushauri (Tanga)

MamaWaMabokweni
Habari za usiku wakuu, poleni na majukumu. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara wa Friesian, mzao wa pili, niko Mabokweni. Tangu nimnunue hatoki bandani, majani analetewa. Jumatatu jioni alibakiza pumba, kitu ambacho hajawahi kufanya. Kesho yake asubuhi nikakamua lita 4, na kawaida yake ni 11. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza, nikaambiwa ni ndigana, ugonjwa wa kupe, nikapewa OTC (antibiotiki ya sindano, oksitetrasaiklini) ya asilimia 20. Kijana mmoja akaja kumdunga.

Leo siku ya tatu hali ni mbaya zaidi. Amesimama kichwa chini, machozi yanamtiririka, anakohoa kikohozi kifupi kikavu. Chini ya sikio la kushoto kuna uvimbe. Nikiushika unateleza chini ya ngozi kama limau ndani ya soksi. Mkojo uko sawa, kinyesi ni laini.

Ada za watoto wangu wanne zinatoka kwenye kiwele hicho. Bandani humo yupo na ndama wake jike wa miezi saba. Nimuongezee OTC? Na amepataje ugonjwa wa kupe ilhali hatoki nje?

KijanaWaDuga
Pole sana dada. Bibi yetu kule kijijini alikuwa anachemsha mwarobaini na shubiri anamnywesha, na uvimbe anauchoma kwa chuma cha moto. Jaribu wakati unatafuta daktari.

BwanaShambaMstaafu
Binti yangu, pole. Nimehudumia mifugo mkoa huu miaka mingi, naomba unisikilize kwa utulivu maana muda ni mfupi.

Kijana wangu wa Duga, najua umetaka kusaidia, lakini uvimbe ule usichomwe. Ni tezi. Vijidudu vimeingia mwilini kupitia mate ya kupe, tezi iliyo karibu na sikio ndiyo inayovipokea kwanza, ndiyo maana imevimba. Ukiichoma unamwongezea mnyama jeraha na ugonjwa unaendelea ndani.

Neno "ndigana" peke yake limeua ng'ombe wengi Tanga, kwa sababu ndigana ziko mbili na dawa zake ni mbali mbali. Ndigana baridi humfunga ng'ombe choo: kinyesi kikavu, kigumu, fizi zinapauka au kuwa za njano, na tezi hazivimbi hivyo. Hiyo OTC inaitibu vizuri. Ndigana kali huvimbisha tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega, homa inapanda juu, macho yanatoa machozi, halafu mapafu yanajaa maji. Hiyo ikishakolea, OTC haiiwezi. Dawa yake ni buparvakwoni. Angekuwa anakojoa mkojo mwekundu ningekwambia habari nyingine kabisa.

Kwa maelezo yako naona ndigana kali, lakini usinunue dawa kwa kuniamini mimi niliye mbali. Fanya hivi sasa hivi: chukua kipimajoto cha kawaida cha nyumbani, kipake mafuta, kiingize njia ya haja kubwa, kiegemeze kwenye ukuta wa utumbo kisizame kwenye kinyesi, usubiri. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei. Kisha papasa mbele ya bega, pande zote mbili. Niletee majibu.

MamaWaMabokweni
Shikamoo mzee wangu, ahsante. Nimepima sasa hivi jirani akinishikia taa. Nyuzi 41.2. Mbele ya bega la kushoto nako kuna tezi, ndogo kuliko ya sikioni. La kulia sijaona kitu.

BwanaShambaMstaafu
Marahaba. Mpigie daktari wa mifugo usiku huu, asubuhi na mapema awe hapo. Mwombe kabla ya kudunga achukue majimaji ya tezi kwa sindano, ayapake kwenye kioo yakapimwe. Maabara ya TVLA, ya serikali ya magonjwa ya mifugo, ipo hapa hapa mjini Tanga, hatuna sababu ya kubahatisha. Asisubiri majibu ndipo atibu, kwa homa hiyo kila saa ina thamani. Dozi ni mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, kwenye msuli wa shingo, kwa hiyo ng'ombe apimwe kifua kwa mkanda, asikadiriwe kwa macho. Nimeona ng'ombe wengi wakipewa nusu dozi kwa kuokoa hela, wakafa na hela ikaenda. Mwache kivulini, maji yawe mbele yake muda wote, asisukumwe kutembea. Na maziwa yake usiuze wala usiwape watoto mpaka daktari akwambie siku zimetimia.

MfugajiKiomoni
Dada, kuhusu amepataje kupe, hilo ninalijua kwa machungu. Masika ya mwaka jana nilimpoteza mtamba wangu wa kwanza kwa ugonjwa huo huo, naye alikuwa hatoki. Siku moja baada ya kumzika nilifungua mzigo wa majani niliouziwa na kijana wa baiskeli nikautikisa juu ya gunia jeupe. Walianguka kupe kumi na kitu, wa kahawia, wadogo kama mbegu za papai. Majani yalikuwa yanakatwa kando ya barabara wanakopita ng'ombe wa kienyeji. Muulize wako anakata wapi. Mimi sasa napanda majani ya matembo yangu mwenyewe nyuma ya nyumba, na nikilazimika kununua nayaanika juani kwanza.

Na ukipulizia dawa ya kuogeshea, usiishie mgongoni. Kupe huyu hukaa ndani ya sikio. Geuza sikio, paka ndani kwa kitambaa, halafu chini ya mkia na mapajani. Kila wiki, hasa masika haya.

WaPangani
Mama, kwa wako hapana shaka ni kupe. Nasema tu kwa wanaosoma kutoka huku kwetu Pangani hadi Bagamoyo, karibu na pori la Saadani: kuna mbung'o, na ndorobo, ugonjwa wanaouleta, huleta homa inayokuja na kuondoka huku ng'ombe akikonda na tezi nazo zikivimba. Sisi tukiona tezi tunapimisha damu kwanza. Inatuuma kwa sababu nzi dume waliofanywa tasa, waliotumika kuwamaliza mbung'o Unguja miaka ya 90, walilelewa Tanga hapa. Kisiwa kikapona, sisi bado tunao.

MamaWaMabokweni
Wakuu, naleta mrejesho. Daktari alifika saa moja asubuhi. Mkanda umesoma kilo 360, akadunga mililita 18 akizigawa sehemu mbili za shingo, na sindano nyingine ya kupunguza maji kwenye mapafu. Majibu ya tezi yamethibitisha ndigana kali. Siku ya kwanza hakula kitu, nililala bandani. Jana homa 39.9 na daktari akarudia dozi. Leo 38.8. Alfajiri nimemsikia akicheua, nikakaa pale pale kwenye ndoo nikalia.

Kijana wa majani amekiri anakata kandokando ya reli wanakochungia. Nimeachana nayo.

Mzee, huyu ndama nimfanyeje?

BwanaShambaMstaafu
Alhamdulillahi. Mkague masikio leo, mpime joto kila asubuhi kwa wiki tatu, maana kama aliumwa na kupe siku moja na mama yake homa bado inaweza kuja. Akivuka akiwa mzima, mpe chanjo ya ndigana kali. Inadungwa mara moja tu, chini ya sikio, pamoja na OTC ya kukaa muda mrefu mwilini, na kinga yake hudumu maisha. Atavishwa hereni ya alama. Kuogesha kuendelee, kwa sababu ndigana baridi na ugonjwa wa mkojo mwekundu chanjo hii haizuii. Ugumu wake ni mmoja: inatunzwa kwenye baridi kali mno, na ikishafunguliwa inatoa dozi nyingi zinazotakiwa kuisha siku hiyo hiyo. Daktari haji kwa ndama mmoja.

MamaWaMabokweni
Nimezunguka kwa majirani tangu mchana, nimepata ndama sita na wangu wa saba. Daktari anasema tukifika ishirini anakuja. Aliyeko Mabokweni, Chongoleani au Kiomoni mwenye ndama aniandikie hapa idadi na umri wao.

MfugajiKiomoni
Mimi wawili, miezi minne na miezi sita. Niandike.